Uandishi na kupumzika kwenye wiki ya masomo ya nyumbani: mnavipanga wapi?

mama_watatu (Langoni, Amu, yaani Lamu)

Assalaam aleikum jamaani. Nasomesha watoto watatu nyumbani, wa miaka 7, 10 na 13. Asubuhi kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:45 ni hesabu, Kiingereza, Kiswahili na sayansi. Chuo (madrasa) ni saa 8:00 hadi saa 10:00, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Insha tunaandika, lakini ni zile za "siku ambayo sitaisahau" na zote zatoka sura moja. Nataka waandike vyao: hadithi, mashairi, hata barua. Pia nataka tujitunze, wao na mimi, maana ikifika Jumatano kila mtu humu ndani ni mkali.

Shida yangu ni kwamba kila ninachoongeza kwenye ratiba kinageuka somo jingine. Wa miaka 10 nikimwambia "andika chochote" anakaa na penseli nusu saa. Wa 13 hataki nisome kabisa. Ni siku gani, dakika ngapi, na wafanye nini hasa?

daftari_mbili

Waalaykumu salaam dada. Usiongeze kipindi, kata. Chukua dakika 20 za Kiswahili, siku tatu kwa wiki (tuseme Jumatatu, Jumatano na Alhamisi): 10 za kuandika, 10 za kutofanya kitu. Ukizisukuma alasiri hazitafika wiki ya pili, kwa sababu mtoto ametoka chuo, mkono umechoka na akili iko kwenye mpira.

Kila mtoto awe na madaftari mawili, ya kurasa 48 yatosha. La kwanza ni la mazoezi, hilo unasoma na kusahihisha. La pili ni lake. Ukurasa uliokunjwa pembe husomi. Usiokunjwa unaweza kuomba akusomee yeye mwenyewe. Ukichungulia ukurasa uliokunjwa hata mara moja, huyo wa 13 ataanza kuandika ya kukufurahisha wewe, na daftari limekufa. Ila siku ya kwanza kabisa mwambie wazi: mtu akimuumiza au akimtisha, hilo si la kufungiwa daftarini, aje aseme. Asipoweza kukwambia wewe, 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Sasa huyo wa 10. "Chochote" ni bahari, mtoto hajui aingilie wapi. Mpe kitu kimoja kinachoshikika: kifuu, kufuli ya zamani, kipande cha kamba ya mashua. Dakika 2 za mwanzo ni orodha tu bila sentensi: rangi, harufu, uzito, mlio wake kikigongwa. Dakika 8 zilizobaki kitu chenyewe ndicho kinachosema: "Mimi ni kifuu, jana nilikuwa na maji ndani..." Penseli haisimami. Akikwama aandike "nimekwama, nimekwama" mpaka neno lingine lije, na huwa linakuja kabla ya mstari kwisha, kwa sababu kuandika "nimekwama" kunachosha haraka. Na ondoa raba mezani. Raba ikiwepo, sentensi ya kwanza itafutwa mara sita na karatasi itatoboka.

Rasimu ya Jumatatu isiguswe hadi Alhamisi. Siku hiyo anaisoma kwa sauti, anachagua sentensi moja anayoipenda na moja ya kubadilisha. Wewe sahihisha kosa la aina moja tu: wiki hii upatanisho wa ngeli, wiki ijayo herufi kubwa. Ukisahihisha yote, wiki inayofuata ataandika sentensi fupi fupi zisizo na kosa wala ladha. Kalamu nyekundu iache kwenye hesabu.

kina_na_mizani (Mkomani)

Hapo kwa "chochote" nakubali, lakini mtoto wa Amu ana dawa nyingine ya kuganda, nayo ni utendi, shairi refu la beti nyingi. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina (silabi ya mwisho) kimoja, cha nne kina kina chake, na hicho ndicho kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi utendi uishe. Kwa anayeogopa karatasi tupu, mipaka hii ni kama ukuta wa kuegemea.

Mizani ni silabi. M-to-to ni 3, m-tu ni 2, nyu-mba ni 2. Hapa ndipo wengi wanapotea: m iliyosimama peke yake inahesabiwa, lakini mb, nd na ng katikati ya neno hazivunjwi. Maneno mafupi kama m-bwa na n-chi yana silabi mbili mbili. Wahesabu kwa vidole juu ya meza, si kichwani.

Tazama ubeti huu:

Pepo zavuma bahari
Jahazi lina safari
Kuti lapiga dari
Nami nangojea pwani

Kipande cha tatu kina 7. Mtoto atataka kuchomeka "tu" au "na" ili kijae, na hapo ndipo utungo unapoharibika. Mfundishe aguse kitenzi kwanza: "kuti limepiga dari" ni 8, na maana imekaa. Kitenzi ndicho mahali pa kuongeza au kupunguza. Hata hiyo "nangojea" imewekwa kwa ajili hiyo, maana "nangoja pwani" ingepungua kwa mizani moja.

Kabla ya kutunga waandike benki ya vina, maneno 8 hivi: bahari, safari, habari, tayari, sukari, shwari, dari, hatari. Asiyefanya hivyo anaanza na neno gumu na kukwama kipande cha pili. Na wakatazeni kina cha -ni kwenye vipande vitatu vya mwanzo. Ni rahisi mno: sokoni, nyumbani, jikoni, karibu kila nomino inakubali, mtoto anapanga mahali tu na hasemi kitu. Ubeti mmoja kwa kikao watosha.

Na mama kufunza nyumbani kwa utungo si jambo geni huku kwetu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858.

upepo_wa_kusi (Malindi)

Hayo ya kuandika mmeyamaliza. Mimi niseme la ukali wa Jumatano, ambalo mara nyingi ni usingizi na joto. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Piga hesabu: anayelala saa 4:00 usiku na kuamshwa saa 11:00 alfajiri amepata saa 7. Akifanya hivyo Jumamosi hadi Jumanne, Jumatano lazima agombane. Walazwe saa 2:30 baada ya isha, wapate 8 na nusu, kisha kailula (usingizi wa mchana) ya nusu saa kabla ya chuo. Wadogo wanafikia 9 hapo, kwa tabu. Wa 13 amepita.

Zile dakika 10 za kutofanya kitu zigawe hivi: maji ya kunywa kwanza, halafu pumzi. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, mara sita. Ni dakika moja tu. Watoto hupenda kushindana kuvuta pumzi kubwa, wakapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Hiyo ni kwa kutoa hewa kupita kiasi. Pumzi iwe ya kawaida, polepole, kwa pua. Kisha alale chali sakafuni kwenye ubaridi. Simu haihesabiki kuwa mapumziko.

Kuchua viganja kwa mafuta ya nazi ni kuzuri, nusu kijiko cha chai kwa mikono miwili, lakini BAADA ya kuandika. Ukianza na mafuta, penseli inateleza, mtoto anaikaba, mkono unauma zaidi, na daftari linajaa madoa. Miezi ya joto kali tumia penseli badala ya kalamu ya wino, jasho la kiganja linavuruga wino.

Matembezi ya pwani msiyafunge kwenye saa moja ya kila wiki. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa siku 7 ni karibu saa 6. Maana yake Alhamisi hii saa 11:00 jioni ikiwa maji yamepwa, Alhamisi ijayo saa ile ile yamejaa. Panga kwa wiki mbili mbili: wiki ya kupwa tembeeni mchangani, wiki ya kujaa kaeni juu mkitazama. Kila mmoja arudi na maneno matano ya alichosikia, si alichoona. Maneno hayo ndiyo mbegu ya kuandika Jumatatu.

mama_watatu

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mawili bado: wa miaka 7 herufi zinamchelewesha, dakika 10 anatoa mstari mmoja. Na wanaandika Kiamu, lahaja yetu: "mato" (macho), "mtanga" (mchanga), "ndoo" (njoo). Niache au nirekebishe?

daftari_mbili

Wa 7 asiandike, aseme. Wewe ni mkono wake: neno kwa neno, sentensi 3 hadi 5, bila kumpambia. Ukimbadilishia hata neno moja atakwambia "sikusema hivyo," na ana haki. Kisha achore, na anakili sentensi moja tu anayoipenda. Siku nyingine atunge kitendawili. Achague kitu cha jikoni, aseme mambo mawili yake bila kukitaja. Kwa mfano mbuzi ya kukunia nazi: "Mbuzi wangu ana meno, majani hali." Wakubwa wategewe, wakishindwa wampe mji.

kina_na_mizani

Kiamu acha, tena acha kwa furaha. Hadithi yaweza kuwa na nakala mbili, rasimu ya Kiamu na nakala ya Kiswahili sanifu, na kule kubadilisha ni zoezi zuri la wa 13. Shairi usiliguse. "Mato" ina kina kimoja na "mtoto" na "uzito". Ukiweka "macho", mizani inabaki 2 lakini kina kimevunjika.

upepo_wa_kusi

Na wewe je, dada? Zile saa mbili za chuo, nusu saa ya mwanzo iwe yako bila sahani wala maandalizi. Maandalizi yote ya wiki ni dakika 40 za Jumamosi: vitu vitatu vya kuweka mezani, saa za maji kupwa, na aina moja ya kosa la kusahihisha. Ukiandaa kila siku, hiyo nusu saa hutaiona.

daftari_mbili

Naongeza moja tu. Jumatano ikiharibika, mgeni akaja au mtoto akaamka na homa, ruka. Usiilipize Alhamisi, maana dakika 20 za kuandika mfululizo ndilo lile somo jingine unalolikimbia.