Ibrahim Mahama na magunia yake: nianzie wapi kumchunguza?

Binti wa Kibokoni

Assalaam alaykum. Kuna kazi za msanii mmoja zilizonikaa moyoni na hazitaki kunitoka, nami naomba mwongozo wa wenzangu wanaofuatilia sanaa ya siku hizi. Msanii mwenyewe ni Ibrahim Mahama, aliyezaliwa Tamale, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1987. Nilimjua kupitia picha za maonyesho ya Venice ya mwaka 2015, ambako alizivika kuta ndefu magunia ya juti yaliyochakaa, yaliyoshonwa pamoja, na watu wakawa wanapita katikati yake. Kwetu Mombasa gunia si kitu kigeni. Kahawa ya bara imepitia Kilindini ndani ya magunia miaka nenda miaka rudi, na sikumbuki kumsikia mtu akisema kwamba gunia linaliza. Picha zile zilinitia huzuni ambayo hadi leo siwezi kuieleza. Nimesoma maandishi ya wahakiki, lakini mengi yanazungumzia utandawazi kwa maneno mazito, na ukiyamaliza hujui gunia limetoka wapi wala ni nani aliyelishona. Je, mtu ambaye hajaiona kazi hiyo kwa macho yake aanzie wapi?

Mwalimu wa Tudor

Waalaykum salaam, dada yangu. Lianze gunia, kisha msanii. Magunia hayo hutengenezwa Asia na kuingizwa Ghana kwa ajili ya kakao, na yakishamaliza kazi hiyo hutiwa mchele au mahindi, hata mwishowe yakaishia kubebea makaa. Ndiyo maana yana mihuri, viraka, madoa na majina ya waliokuwa wakiyamiliki. Mahama huwapa wafanyabiashara magunia mapya, naye akachukua yale makuukuu, kisha huyashona akishirikiana na vibarua, wengi wao wakiwa wahamiaji waliotoka vijijini kutafuta riziki.

Sasa tafuta picha zake za mikono ya washirika wake, kwa sababu kwangu mimi hizo ndizo zinazoufungua mlango. Wengine wamechorwa tatuu za majina yao na ya jamaa zao kwenye vigasha, ili wakifikwa na ajali ugenini wapate kutambuliwa. Gunia limeandikwa jina la mwenye mali, na mkono unaolibeba umeandikwa jina la mwenye mwili, kwa hofu ya kupotea ileile. Nadhani huzuni yako inatoka hapo, ingawa uliihisi kabla ya kuijua.

Mkaazi wa Changamwe

Naongeza habari ya reli, ambayo sisi tunaoishi kando ya reli hatuwezi kuipita. Mwaka 2017, katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, alifunika majengo ya lango la zamani kwa magunia, na jina la kazi hiyo linaitaja Sekondi, mji wa pwani ya Ghana wenye karakana ya reli, pamoja na mwaka 1901. Mwaka huo reli ya Waingereza kutoka Sekondi ilifika Tarkwa penye dhahabu, na mwaka huohuo reli iliyoanzia hapa Mombasa ikafika ziwani Kisumu. Miaka miwili baada ya Kassel, huko Manchester, alijenga ukumbi mithili ya bunge kwa viti vya mabehewa yaliyotupwa, akauita Parliament of Ghosts, yaani Bunge la Mizuka. Reli ile ya kikoloni ya Ghana haikufika kaskazini kwao, lakini wanaume wa kaskazini walikwenda kusini kufanya kazi. Mahama ameyapeleka mabehewa makuukuu hadi Tamale, na watoto wanayapanda.

Bibi wa Mji wa Kale

Wanangu, nimewasoma kwa makini na nina swali moja zito. Magunia yana majina mengi, mikono ina majina mengi, lakini ukutani pa jumba la maonyesho hubandikwa jina moja tu. Walioshona wako wapi?

Mwalimu wa Tudor

Shikamoo, bibi. Swali lako ni la haki, na sidhani kwamba kazi yenyewe inalijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba fedha anazopata kwa kuuza kazi zake amezitumia kujenga kituo cha sanaa Tamale, kilichofunguliwa mwaka 2019, na baadaye Red Clay, penye kumbi na karakana ambazo watu huingia bila kulipa. Hilo linawafaa watu wa Tamale. Kama linamlipa aliyeshona gunia la Venice, hilo ni jambo jingine.

Binti wa Kibokoni

Ahsanteni nyote, na bibi hasa. Nitaanza na picha za mikono, kisha nitazisoma upya zile za Venice nikitafuta mihuri na mishono badala ya ukubwa wa kuta. Mwalimu, ikiwa unajua maandishi ambamo washonaji wenyewe wanazungumza, hata kama ni mahojiano mafupi, naomba uniwekee hapa. Hayo ndiyo niliyoyakosa tangu mwanzo.