Ukuta wa nyumba ya bibi unatoa chumvi, na simenti niliyopiga mwenyewe inabanduka. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam alaykum. Nisaidieni kabla mke wangu hajafungasha nguo akaenda kwao Mfenesini.

Nyumba yetu ipo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya mawe na chokaa, katuachia bibi. Juu anakaa dada yangu na watoto wake, chini nakaa miye. Kuna chumba kimoja ukuta wake umepakana na uchochoro, jua haulioni hata siku moja. Tangu nikiwa mdogo lipu yake ikimeguka. Ukipitisha mkono unatoka na unga. Bibi kila Ramadhani ikikaribia alikuwa akimwita mzee mmoja, anakwangua kidogo, anapaka chokaa, basi mpaka mwakani.

Miye nikajifanya mjanja. Mwaka jana kabla ya masika nikasema fundi wa nini? Nikaangalia video mbili tatu, nikanunua simenti mifuko mitatu, nikapiga lipu mwenyewe Jumamosi na Jumapili, halafu rangi ya mafuta juu. Ulipendeza wallahi. Nikawapigia picha mpaka ndugu zetu wa Muscat.

Masika ya safari hii ndio nikaona maajabu. Rangi imevimba matumbo kama andazi, ukibonyeza linapasuka na ndani unamwagika unga mweupe. Nimeuonja kwa ncha ya ulimi, chumvi tupu. Ukigonga lipu inalia kama mtungi mtupu. Juzi usiku kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka juu ya kabati, tukadhani mwizi.

Linalonitisha zaidi: zamani unyevu ulikuwa ukiishia magotini, sasa umepanda mpaka kifuani. Soketi ya ukuta ule nayo inachezacheza.

Nipige simenti nyengine yenye dawa ya kuzuia maji? Niweke vigae? Au ndio nyumba inakufa?

Simba wa Fuoni

Weka vigae mpaka kiunoni, umemaliza. Miye nimeweka mwaka wa tatu huu, hakuna unyevu wala nini.

Bi Mkubwa wa Vuga

Simba, nyumba yako ya matofali au ya mawe?

Simba wa Fuoni

Matofali ya simenti, Bi Mkubwa. Nimejenga mwenyewe.

Bi Mkubwa wa Vuga

Basi mwanangu hayo si mamoja. Muachie mwenzio.

Fundi Chokaa

Waalaykum salaam. Kijana, nyumba haifi. Ila bibi yako na yule mzee wake walikuwa wakiijua kuliko wewe na video zako, usinichukie.

Ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji kutoka chini, hilo halina dawa. Chini yake hakuna naironi wala lami ya kuzuia, kama zinavyowekwa nyumba za sasa. Lakini ukinywa unapumua: maji yanatokea usoni, upepo unayachukua, chumvi inabaki nje na kula lipu ya chokaa taratibu. Ndio ule unga wa utotoni mwako. Ile lipu sisi tunaiita ya kafara, inaliwa yeye ili jiwe lisiliwe.

Ulipoziba kwa simenti na rangi ya mafuta, maji hayakwenda kokote. Yamepanda kutafuta pa kutokea, ndio maana yamefika kifuani. Ukiweka vigae yatafika kichwani, na kichwani kuna vichwa vya boriti. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ncha yake ikikaa ndani ya ukuta wenye unyevu miaka kadhaa inaoza huku katikati unaiona nzima. Dada yako yupo juu ya boriti hizo.

Kwa hiyo simenti itoke. Kwanza zima swichi kubwa, na soketi hiyo aiondoe fundi umeme, usiiguse wewe. Halafu patasi na nyundo ndogo, anza palipolia mtungi, pole pole. Usikodi mashine ya kukatia, itatikisa mawe. Pakiganda sana pasipotaka kutoka, pawache, usichokoe jiwe. Ukiona jiwe linacheza au ufa unaopita mkono, simama umwite mtu.

Chumvi iondoe kwa brashi kavu. Usioshe kwa maji! Ukiosha unairejesha ndani. Na lile vumbi litoe nje, usiliache chini ya ukuta.

Mtoto wa Wete

Fundi kamaliza, miye naongeza dogo tu. Kabla hujavunja hakikisha maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha naironi, kibandike ukutani kwa gundi pande zote nne palipokauka kidogo, wacha siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho la chumba, fungua madirisha. Yakiwa upande wa ukutani, ukuta ndio unatoa.

Na hiyo ya kuonja ukuta nimecheka mpaka chai imenipalia. Mpemba angemuonjesha mgeni kwanza.

Bi Mkubwa wa Vuga

Miye khanga zangu za kutokea zilioza kabatini miaka miwili nikilaumu ardhi, kumbe bomba la jirani linavuja ndani ya ukuta tunaochangia. Mjukuu, funga mifereji yote usiku, ya juu na ya chini, utazame mita kabla ya kulala na ukiamka alfajiri. Ikisogea una bomba. Halafu toka nje ukatazame mvua inapomwaga maji, na karo ya maji machafu ipo upande gani. Watu wanatibu ukuta wakati ugonjwa upo uchochoroni.

Mjukuu wa Kiponda

Nimefanya yote mawili. Mita haikusogea. Naironi imetoa matone upande wa ukutani.

Lakini uchochoroni, Bi Mkubwa, nimekuta mambo. Mlizamu wa juu, ule unaoteremsha maji ya paa, ulikatika, bomba linaishia usawa wa dirisha, mvua yote ya paa inapiga chini ya ukuta wetu. Na uchochoro ulimwagwa zege zamani, umepanda kuliko sakafu ya ndani kiasi cha shubiri. Yaani maji yakituama nje yapo juu ya miguu yangu nikiwa nimelala. Miaka yote napita hapo sijawahi kuona.

Nipasue zege?

Fundi Chokaa

Usipasue, njia si yako. Mlizamu ndio wako, utengeneze wiki hii hii, bomba lifike chini na limwage mbali na ukuta. Hapo umeshatibu nusu.

Bi Mkubwa wa Vuga

La uchochoro, na chochote cha ukuta wa nje, pita kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu upo katika urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kujichimbia tu. Na wana watu wanaojua mawe, uliza hukohuko.

Simba wa Fuoni

Sawa, nimekubali vigae hapana. Lakini chokaa si kazi ya wazee? Siku hizi nani anayo?

Fundi Chokaa

Chokaa ipo. Mawe ya matumbawe bado yanachomwa kwenye matanuu mashamba. Nunua iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ile kali usiizime mwenyewe, inachemka na kuruka, ikiingia jichoni ni hospitali. Hata iliyozimwa vaa glavu.

Itie kwenye pipa, maji juu, ufunike. Kila ikikaa ndio inalainika, wiki chache si mbaya, miezi ni bora. Bahati yako hiyo, kwani ukuta nao unataka kukauka. Huu ni mwezi wa sita, kipupwe. Uwache wazi, dirisha wazi, mpaka karibu na vuli. Usiwe na haraka ya Jumamosi na Jumapili.

Kupiga: chokaa kipimo kimoja, mchanga vitatu. Mchanga usiwe wa pwani, utakuwa unanunua chumvi nyengine. Rowesha ukuta kidogo, piga nyembamba, isizidi sentimita moja, wacha ishike siku kadhaa kabla ya mkono wa pili, na kila siku unainyunyizia maji isikauke kwa pupa. Juu yake chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta. Na usishangae mwaka wa kwanza au wa pili ikaanza tena kumeguka chini, ndio inavyovuta ile chumvi uliyoifungia. Unakwangua, unapiga tena.

Mjukuu wa Kiponda

Wiki ya tatu leo. Mlizamu umekwisha. Simenti nimetoa yote isipokuwa pembe moja iliyokataa, nimeiacha kama ulivyosema. Fundi umeme kaondoa soketi, nyaya za nyuma zilikuwa zimeota kijani. Boriti nimezigonga moja moja na dada akiwa juu anasikiliza. Mbili karibu na ukuta zinalia vibaya, fundi seremala anakuja kesho.

Mawe yapo wazi na chumba kinanuka pwani maji yakitoka. Mke wangu hajaenda Mfenesini, lakini kahamisha kitanda sebuleni na pipa la chokaa kalifunika kwa sinia lake la biriani, kasema nikiligusa atajua. Swali moja: juu ya chokaa yamejikusanya maji meupe, kama sentimita tano. Niyamwage?

Fundi Chokaa

Usimwage hata tone, yanaizuia isishike hewa ikawa jiwe. Yakipungua ongeza. Na mwambie shemeji yetu sinia halitoshi, atafute kifuniko cha kubana.