Maji ya bomba ni magumu, pH 8.2: niweke samaki gani?

MveziWaMaji
Wakuu, habari za wakati huu. Nina tangi la kioo la lita 120, filta na hita vipo, samaki bado. Nimepima maji ya bomba: pH (kipimo cha uasidi) 8.2, ugumu wa jumla yaani kalsiamu na magnesiamu (GH) digrii 18, ugumu wa kaboneti (KH) digrii 12. Birika langu hujaa ukoko mweupe wa chokaa, kwa hiyo vipimo havijanishangaza. Moyo wangu uko kwa neoni na diskasi, samaki wa maji laini. Muuzaji anasema nitie dawa ya kushusha pH kila ninapobadilisha maji. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Bi_Mapezi
Karibu ndugu. Dawa hiyo achana nayo kabisa. Kinachoishikilia pH yako juu ni hiyo KH 12. Ukitia asidi, bikaboneti inaimeza, kaboni dayoksaidi inatoka, pH inashuka kidogo, halafu inarudi ilipokuwa. Unatia tena, inarudi tena. Kuyumba huko kunamuumiza samaki kuliko 8.2 iliyotulia. Ukikazana mpaka KH iishe, hakuna tena cha kuizuia pH isiporomoke. Na GH itabaki 18 vilevile, maana asidi haiondoi kalsiamu wala magnesiamu.

Diskasi msahau kwa tangi hili hata maji yangekuwa laini. Anakua zaidi ya sentimita 15, anataka kuishi kundini na joto la nyuzi 28 hadi 30. Lita 120 ni kumbana.

Kwa maji yako mimi ningechukua samaki wanaozaa watoto hai: gapi, plati, moli, mkia-upanga. Moli hasa, kwenye maji laini hudhoofika, kwenye magumu anang'aa. Ila jiandae: jike hujifungua karibu kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukiwatenganisha watoto wataendelea kuja. Kama hutaki kufurika, chukua madume peke yake.

Fundi_Tangi
Naunga mkono, lakini mmeyasahau maziwa yetu makuu! Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 9, na samaki wake wengi hawapatikani popote pengine duniani. Ni jamii moja na sato. Mkuu, watafute *Neolamprologus multifasciatus*. Hawavuki sentimita 5, wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na siku nzima wanachimba mchanga, wanahamisha magamba, wanafukuza majirani. Sijaona samaki mdogo mwenye mambo mengi kiasi kile. Lita 120 kwao ni jumba.

Wa Ziwa Nyasa, wale mbuna wa rangi kali, maji yako pia yanawafaa. Ila ni wagomvi, na tangi lako ni dogo kwao. Wengi wao hula mwani wa miambani, kwa hiyo ukiwalisha nyama nyama matumbo yanawavimba.

Kijani_Kibichi
Mimi natofautiana kidogo kuhusu neoni. Wengi wanaouzwa wamezalishwa mashambani, na wapo wanaoishi vizuri kwenye maji ya ugumu wa wastani.

Bi_Mapezi
Ni kweli, kaka, lakini GH 18 si wastani. Anayewataka kweli achanganye maji ya bomba na ya mvua safi, au yaliyochujwa kwa osmosisi (kichujio kinachoondoa madini), na afanye hivyo kila anapobadilisha maji, kwa kipimo kilekile. Anayeanza simshauri aingie huko. Na mashine za kulainisha maji zinazotumia chumvi zisikudanganye: zinaondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake.

Fundi_Tangi
Jambo moja zito, mkuu: amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yake iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye 8.2 yako inakaribia asilimia 8. Kwa hiyo komaza filta kwanza, yaani bakteria wanaokula sumu hiyo wajijenge ndani yake, wiki kadhaa, mpaka vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri. Usiweke samaki wote siku moja. Na klorini ya bomba iondoe kwa dawa yake kila mara.

MveziWaMaji
Asanteni sana, nimeelewa. Nimewapenda hao wa magamba. Je, naweza kuwachanganya na plati? Na magamba niyaandaeje?

Fundi_Tangi
Usiwachanganye. Maji yangewafaa wote, lakini plati watasumbuliwa kila wakishuka chini, na watoto wao wataliwa. Acha tangi liwe la hao peke yao. Weka mchanga laini, si changarawe, kina cha sentimita 5 hivi. Magamba yawe mengi kuliko samaki, mawili matatu kwa kila mmoja. Yachemshe, yasugue mpaka harufu iishe. Ni chokaa tupu: kwenye maji laini yangeyeyuka taratibu na kuongeza ugumu, kwako hayabadilishi kitu. Anza na sita wachanga, wataunda ukoo wenyewe.

Kijani_Kibichi
Ukitaka mimea, weka valisineria na anubiasi. Valisineria huweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, nayo unayo tele. Anubiasi usiizike, ifunge juu ya jiwe, maana hao wachimbaji watang'oa kila kilichopandwa karibu na magamba yao.