Mbona askari wa katuni na tamthilia habebi maji?

RangiKariobangi:

Wadau, hamjambo. Mimi huchora matatu, gereji yetu iko Kariobangi Light Industries. Majuzi mwenye gari la Thika Road alitaka ubavu mzima nimchoree mwanajeshi: kifua wazi, bunduki mbili, mkanda wa risasi shingoni, nyuma moto unawaka. Mfano aliutoa kwenye vibonzo anavyotazama mwanawe. Nikachora, tena nikachora vizuri, akalipa.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa KDF, jeshi la Kenya, na amewahi kuhudumu Somalia kabla hajatoka jeshini. Alipitia gereji rangi ikiwa bado inakauka. Akalizunguka gari polepole kisha akaniuliza, "Huyu maji yake yako wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunitajia: hana chupa ya maji, hana kofia ya chuma, hana kifuko cha bandeji, kifua amekianika juani, na huo mkanda utajaa mchanga hata kabla hajafyatua moja. "Huyu ikifika saa sita mchana tutakuwa tunambeba sisi." Halafu akaitisha chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchunguza anapotazama runinga. Tukiwa kwake Kahawa West jioni, ikiwekwa tamthilia ya vita, risasi zikianza yeye anachukua simu. Zikinyamaza, watu wamekaa tu shimoni, mmoja anakausha soksi, mwingine anamsuta mwenzake kwa kukoroma, hapo simu inawekwa chini. Kuna siku mhusika mmoja alikuwa akimpigia mamake na kumwambia yuko ofisini, mbali na mapigano, na huku vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Shemeji akasema, "Hapo wamepata," akaenda zake dukani kununua maziwa.

Sasa nataka kuanza katuni yangu mtandaoni, picha nne nne, mhusika awe koplo wa kwetu. Yule shujaa wa matatu simtaki. Simtaki pia ndugu yake wa pili, yule wa tamthilia aliyerudi nyumbani: sufuria ikianguka anajitupa chini ya meza, usiku anaamka akipiga mayowe, na zaidi ya hapo hana tabia nyingine yoyote. Shemeji ananiambia machache sana. Kwa hiyo nauliza hapa: kuna waliowahi kuchora au kuigiza vita hadi wanajeshi wenyewe wakakubali? Na nyinyi mliovaa kombati, ni kitu gani hamjawahi kukiona kwenye runinga?

MzeeLindo:

Mpe shemeji yako salamu, mwambie zimetoka kwa mtu anayeijua ladha ya maji yaliyoshinda juani kwenye jerikeni.

Kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye runinga ni kujaza viroba vya mchanga. Mimi nilikwenda na bunduki, lakini chombo nilichokishika zaidi ni sepetu. Ukuta wa kambi ni viroba. Mmoja anashika mdomo wa kiroba, mwingine anachota, mnabadilishana, jua likipanda mnaacha, likishuka mnarudi. Na jua lile linaoza nailoni. Baada ya muda ukikigusa kiroba kinapasuka, mchanga wote chini, mnaanza ukuta upya. Kwenye tamthilia ukuta uko tayari, mtu anakuja tu kuuegemea azungumzie mchumba wake.

Halafu adui. Wewe mchoraji umezoea adui mwenye sura, ana kovu, anacheka kwa sauti. Mimi niliona vumbi. Niliona mwanga kidogo kichakani, halafu vumbi tena. Na maongezi hapo hakuna. Wa runingani wanapanga mikakati huku milipuko inalia na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri. Bunduki ikilia karibu na sikio lako, masikio yanavuma. Unamwona sajenti anafungua mdomo na husikii neno. Unatazama mikono yake. Hofu nayo, kwangu mimi, haikuja wakati ule. Ilikuja baadaye, nikijaribu kufungua kopo la maharagwe na vidole havinitii.

Na punda. Tulikuwa na punda asiye na mwenyewe. Usiku wa manane anajisugua kwenye seng'enge, makopo tuliyoning'iniza yanalia, sote mbio mahandakini, tumelala kifudifudi tunangoja, kumbe ni yeye. Asubuhi tunamlaani, jioni mtu anamrushia biskuti. Tulimpa hadi cheo, lakini sikitaji hapa kwa sababu mwenye cheo hicho huenda anasoma.

Kuhusu kurudi nyumbani nitasema kidogo. Ndoto zipo, na walio nazo usiwachore kwa mzaha. Mimi nilikaa na mshauri kwa muda na sioni haya kulisema. Ila kuna mengine hayaonyeshwi kwa kuwa hayana kelele. Kibandani naketi nikitazama mlango. Foleni ya benki inanikasirisha kupita kiasi. Na kuna siku, haki ya Mungu, nilitamani kurudi kulekule, kwa sababu kule nilijua kazi yangu ni ipi. Hiyo ndiyo ngumu kumweleza mke.

KondaWaZamani:

Mzee heshima zako, lakini tuambiane ukweli. Nani atatoka foleni ya Outering, afike nyumbani, aketi kutazama mtu akijaza mchanga? Mimi nataka moto. Mwenye gari alilipia moto. Hakuna abiria aliyewahi kupanda gari kwa sababu askari wa ubavuni ana chupa ya maji.

MwalimuKasarani:

Konda, mchanga umeshauzwa na ukanunuliwa. Rangi, kaa chini nikupe majina, hili ni somo ninalolipenda kuliko mtaala ninaofundisha.

Mtafute Bill Mauldin. Alikuwa askari wa Marekani, Divisheni ya 45 ya watembea kwa miguu, akawa Sisilia na Italia kwenye Vita vya Pili vya Dunia huku akilichorea gazeti la wanajeshi, Stars and Stripes. Wahusika wake, Willie na Joe, hawajanyoa, wamejaa matope, macho mazito. Kuna picha moja Willie anamwambia mwenzake kwamba jana uliniokoa maisha nami niliapa nitakulipa, basi shika, hizi ni soksi zangu za mwisho zilizo kavu. Ukiiona ni mzaha mtupu, kumbuka kwamba baridi na maji ya mahandakini vilikuwa vinaharibu nyayo za watu, wengine wakipelekwa hospitali bila kuguswa na risasi. Kwenye picha nyingine sajenti wa kikosi cha farasi amejiziba macho, mkono wa pili umeelekeza bastola kwenye Jeep iliyoharibika, maana ndivyo alivyozoea kumaliza mateso ya farasi wake.

Jenerali Patton wa Marekani hakumpenda hata kidogo. Mwaka 1945 alimwita akamkaripia: askari wako wachafu, unaharibu nidhamu. Mwaka huohuo Mauldin akapewa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, akiwa na umri wa miaka 23. Kwa hiyo mteja wako wa Thika Road ana mtangulizi mwenye nyota begani.

Kabla yake alikuwepo Mwingereza, Bruce Bairnsfather, ofisa wa bunduki za rashasha kwenye Vita vya Kwanza, aliyeumia Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Picha yake inayokumbukwa zaidi ni ya wanaume wawili ndani ya shimo la kombora, makombora yanapita kila upande, mmoja amekereka anamwambia mwenzake: kama unajua shimo bora kuliko hili, nenda. Hiyo tu. Na Japani kuna mchora katuni Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto kwenye Vita vya Pili kule Rabaul, visiwa vya Pasifiki, akarudi nyumbani akachora kwa mkono wa kulia askari wenye njaa na malaria.

Ukitaka tamthilia, M*A*S*H ilihusu madaktari wa Vita vya Korea. Vita vile vilianza 1950 na kusimama 1953. Tamthilia ilianza 1972, ikaisha 1983. Kituo cha runinga kililazimisha iwekwe vicheko vya kurekodiwa, watengenezaji wakakubaliana nao kwamba chumba cha upasuaji kiachwe. Kwa hiyo kwenye hema la kulala unasikia watu wanacheka, daktari akishika kisu vicheko vinakatika, hata kama maneno anayosema ni ya mzaha. Na Konda, yako ni hii: Band of Brothers, tamthilia ya Vita vya Pili ya mwaka 2001, ina sehemu ya Bastogne, mji wa Ubelgiji, ambayo karibu yote inamfuata mganga wa kikosi kwenye theluji, akienda shimo hadi shimo akiomba mkasi, bandeji na mofini. Kuomba mkasi! Na watu walitazama.

Kwetu runinga imechekesha kwa polisi na mahakama miaka nenda miaka rudi, tuna Vioja Mahakamani, tuna Inspekta Mwala. Koplo wa lindoni sijakutana naye bado. Babu zetu wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mvua haikatiki na magari yamezama matopeni, hawakupata Mauldin wao. Wale wa Vita vya Kwanza wana sanamu tatu za shaba pale Kenyatta Avenue, Nairobi, zote zimesimama wima, hakuna hata moja iliyokaa ikatoa mwiba mguuni.

MamaWawili:

Naomba kuingilia. Kwenye tamthilia mke wa mwanajeshi ana kazi mbili: kulia akiagwa na kuruka shingoni mtu akirudi. Katikati hayupo. Katikati ndipo kuna karo, kuna mwenye nyumba, kuna fundi wa bomba anayekuuliza "mzee yuko?" na wewe unajibu "yuko ndani amelala" ili asijue uko peke yako na watoto.

Januari 2016 kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa, mume wangu alikuwa kambi nyingine. Nilijua hivyo, na moyo haukukubali kujua. Picha zilianza kuzunguka kwenye simu kabla ya majina. Nazima data, naiwasha, naizima. Jirani yangu alikuja na chupa ya uji akaketi, hakuuliza kitu, akanisaidia kukunja nguo. Simu ya mume ikaingia usiku, sauti inakatikakatika, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Karo ulilipa?" Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana kwa furaha. Mwandishi wa tamthilia angempa maneno matamu pale.

Likizo nazo mzichore. Anafika, siku ya kwanza ni mgeni, siku ya pili ni mkaguzi. Viatu vya watoto vimepangwa mstari mlangoni, blanketi zimekunjwa pembe kwa pembe, vikombe vyangu vimesimama kwa kimo. Kitinda mimba akanivuta kando akauliza kama huyu baba atalala hapa na leo. Tulicheka sisi wawili, yeye na mimi. Mwenyewe alisikia na hakucheka hadi kesho yake.

KondaWaZamani:

Mama Wawili, hiyo ya fundi wa bomba ningeitazama. Nimeshindwa. Lakini ubavu wa gari ubaki na moto.

RangiKariobangi:

Ubavu ubaki na moto, Konda, ndio unaolipa kodi. Mwalimu, nimemtafuta Mauldin jana usiku na nimekaa na ile ya soksi. Ninachokiona kama mchoraji ni kwamba wino wake mwingi umeenda kwenye mikunjo ya nguo na uzito wa mabega. Nyuso ni mistari michache tu. Mimi nimekuwa nikimaliza rangi yote kwenye misuli.

Nimeamua hivi. Ya kwanza ni viroba: picha tatu wanajaza, ya nne kiroba cha chini kinapasuka. Ya pili ni Mama Wawili na fundi, koplo mwenyewe haonekani kabisa. Kwa idhini yako mama, na mtaa nitaubadilisha. Ndoto sitazigusa kwa sasa. Shemeji nimemwonyesha rasimu ya viroba, akachukua penseli akamwongezea koplo kitambaa puani na akachora sepetu fupi kuliko yangu, akasema ndefu haifai ndani ya handaki.

Mzee Lindo, naomba mambo mawili. Punda unanipa? Na nichunge nini nisije nikamponza mtu aliye kule sasa hivi?

MamaWawili:

Chora. Ila mvalishe fundi kofia, huyu wangu bado ananitengenezea bomba.

MzeeLindo:

Sepetu fupi, sahihi. Huyo shemeji yako anajua.

Ya kuchunga: usiweke nembo ya kikosi begani, usitaje kambi, usichore lango lilivyo wala mahali lindo linapokaa, na ukiona picha halisi ya kambi mtandaoni usiinakili hata kama ni nzuri. Ukuta wa viroba chora wa kubuni. Saa za kubadilisha zamu usiandike. Majina ya walioanguka usiyaguse bila familia zao. Mengine yote ni yako: chai yenye mchanga, kukoroma, madeni ya sigara, kupanda juu ya kontena kutafuta mtandao na foleni ya watu chini wakikuhesabia dakika.

Punda nakupa. Mchore mnene, alikuwa anakula biskuti zetu za akiba.