Eton, Winchester au Christ's Hospital: nimpeleke wapi mtoto?

BabaPili: Wakuu, salaam. Nataka kumpeleka mtoto bweni Uingereza, shule ya kale yenye mila zake. Nimebakiwa na hizo tatu na natakiwa kuamua mwezi huu. Ipi bora?

Kisiwani: Mkuu, wa kike au wa kiume? Ana miaka mingapi? Mnaishi wapi? Bila hayo tunapiga ramli. Eton ni wavulana tu. Winchester imefungulia wasichana madarasa mawili ya mwisho tu, tangu 2022. Christ's Hospital ni mchanganyiko.

MamaSwafi: Na mfuko je? Eton na Winchester ada imepita pauni 50,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 kuna VAT ya asilimia 20. Christ's Hospital hupima kipato cha mzazi, wengi hawalipi ada kamili. Sare ni bure: koti refu la buluu na soksi za njano, mtindo wa enzi za wafalme wa Tudor, karne ya 16.

Mkongwe: Kwa urithi, Winchester haina mpinzani. Askofu William wa Wykeham aliianzisha 1382. Mfalme Henry VI alipoanzisha Eton 1440 aliiga mpango wake, hadi idadi ya wanafunzi 70 wa udhamini. Wale wa Winchester bado wanaishi kwenye majengo yaleyale, vyumba vya pamoja. Eton mvulana anapewa chumba chake tangu siku ya kwanza. Mtoto asiyezoea kulala peke yake, lipime hilo.

BabaPili: Samahanini. Mvulana, miaka 12, tuko Dar.

Kisiwani: Basi umechelewa Eton. Kuingia kwa miaka 13, majina huandikishwa mtoto akiwa na miaka 10 hivi. Christ's Hospital wengi huanza na 11. Ulizia nafasi za 13, ukikosa subiri 16.

MamaSwafi: Kabla ya shule, tafuta mlezi aliyeko Uingereza. Kuna mtoto, shule siitaji, fomu yake ilijazwa jina la rafiki wa familia ambaye hakupewa hata tarehe za mihula. Oktoba bweni likafungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Wenzake wamechukuliwa, yeye yuko mlangoni na begi, simu ya mlezi haipokelewi. Msimamizi wa bweni akahangaika hadi jioni kupata familia ya kumpokea, na bili ikaenda kwa mzazi. Mpe mlezi tarehe zote kwa maandishi, akubali kwa saini, akae karibu na shule. Na shona jina kwenye kila nguo, hadi soksi, la sivyo zinapotelea dobi.

Mkongwe: Mkuu, ukienda kutembelea Eton, ulizia ule mchezo wa ukutani (Wall Game), wa kugombea mpira kando ya ukuta. Mechi ya Mtakatifu Andrew, bao la mwisho lilifungwa 1909.

Kisiwani: 1909? Na bado wanaucheza kila mwaka?

Mkongwe: Kila Novemba, kwenye matope, kandokando ya ukuta uleule wa 1717.