Mkokoteni wa maji: magurudumu ya pikipiki au ekseli ya gari?

Wakuu, nataka kuunda mkokoteni wa madumu 10 ya lita 20. Gereji kuna magurudumu mawili ya pikipiki ya inchi 18, na ekseli ya nyuma ya gari dogo. Nichukue ipi?

— Madumu hayo ni kilo 200, bado chuma. Spoki za magurudumu ya pikipiki hubeba vizuri mzigo wa wima. Ukikata kona kwa nguvu zinalegea na ringi inapinda. Ukiyatumia, shikilia kila gurudumu pande zote mbili kwa bamba la mm 6. Ukilishika upande mmoja tu, ekseli yake ya mm 15 itapinda mapema.

— Mimi ningechukua ya gari, mradi gari liwe la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, maana ekseli yake ya nyuma haina difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu). Tikisa gurudumu kabla hujalipa: likicheza, huenda beringi zimekwisha. Na fundi asichomelee karibu na habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi), joto huyeyusha grisi.

Asanteni. Ekseli ikae wapi?

— Nyuma kidogo ya katikati ya kitanda cha mkokoteni, mpini ubaki na kilo 10 hivi. Ikisogea mbele, kwenye mlima mpini utakunyanyua wewe. Jaribu na madumu yaliyojaa, kwanza shikiza kwa boliti, ndipo uchomelee.