Mdogo wangu wa kike kapata timu ya kriketi Uingereza, aache chuo? Naombeni ushauri

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike ana miaka 21, ni mrushaji wa mpira wa kasi na timu ya taifa ameshaichezea. Chuoni yuko mwaka wa pili, diploma ya uuguzi. Kuna wakala kamletea ofa ya kucheza ligi ya ndani Uingereza, timu ya kaunti, Aprili hadi Septemba. Mama hataki hata kusikia. Baba hatunaye, kwa hiyo uamuzi umeniangukia mimi, na usingizi sipati. Swali ni moja tu: kriketi ya wanawake ya ligi kule inalipa kiasi cha mtu kuacha chuo? Naomba wanaoujua mchezo. Matusi hapana.

OvaYaMwisho
Inalipa, mkuu, ila kwa wachache. Hadi 2019 kule ligi ya wanawake ilikuwa ya msimu tu, timu 6, na wenye mshahara wa mwaka mzima walikuwa wale wa timu ya taifa ya England. Mwisho wa 2020 ndipo ilipotoka mikataba 41 ya kudumu kwa wachezaji wa ligi, ikagawanywa kwenye timu 8 za kanda. Kuanzia 2025 kanda zimeondolewa, kazi wamekabidhiwa kaunti. Daraja la kwanza zilianza nane: Durham, Essex, Hampshire, Lancashire, Nottinghamshire ambao wanaitwa The Blaze, Somerset, Surrey na Warwickshire. Yorkshire ilipangiwa kuingia 2026, Glamorgan 2027. Mshahara wa chini wa anayeanza mwaka 2025 ulikuwa pauni 20,000 kwa mwaka, sawa na mwanaume anayeanza. Daraja la pili lilianza 2025 na kaunti kumi, na huko wengi hawana mshahara wa mwaka, wana kazi nyingine za kuwalisha.

Sasa na mimi nikuulize: kaunti gani, daraja la ngapi, na anaenda kwa viza ya aina gani? Bila hayo hakuna anayeweza kukushauri.

Mama_Makambako
Mwanangu, msikilize mama yako. Goti la mrushaji likigoma, mkataba hauna huruma. Cheti cha uuguzi hakichaniki msuli. Lakini kuacha chuo na kuahirisha ni vitu viwili tofauti. Anaandika barua kwa mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara, anaambatisha ushahidi wa ofa, anaomba kuahirisha mwaka KABLA ya mitihani ya muhula, na anabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akitoweka tu, atahesabiwa ameacha mwenyewe, na kurudi itakuwa kuomba upya.

BintiKigali
Mimi sioni kwa nini macho yote ni Ulaya. Kwibuka, mashindano ya timu za taifa za wanawake, inachezwa hapa Kigali tangu 2014, siku hizi uwanja wa Gahanga, ilikosekana 2020 tu kwa sababu ya korona, na Tanzania wamelibeba kombe 2019 na 2022. Rwanda chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini 2023 wakawafunga Zimbabwe na West Indies. Kwenye ile ya Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliangusha wiketi nne, yaani aliwatoa wapigaji wanne, kwa mipira minne mfululizo. Wasichana wale walilelewa hapa hapa, siyo kaunti yoyote.

Na akitaka ligi inayolipa karibu na nyumbani, aangalie Afrika Kusini. Mwaka 2023 timu sita za daraja la juu la wanawake zilianza kuajiri wachezaji 11 kila moja. Nafasi ni finyu na wenyeji ndio wanatangulia, lakini kufika kwenye majaribio ni safari ya basi na ndege fupi.

MkekaNaNyasi
Mnaongea pesa tu, hakuna aliyeuliza kama anaweza kurusha kule Aprili. Warushaji wengi wa kwetu wanakulia kwenye mkeka au nyasi bandia. Mpira unaruka juu, kwa hiyo mtu anazoea kuupiga chini mapema. Uingereza mwezi wa nne uwanja una unyevu, mpira haupandi, ukiwa mfupi unakaa unamsubiri mpigaji. Avute urefu mbele kwa nusu mita hadi mita moja, mshono usimame wima, aache hewa na nyasi zifanye kazi. Viatu vya soli ya mpira aviache nyumbani. Anahitaji vyenye njumu za chuma, hasa mguu wa mbele, la sivyo atateleza akiwa anatua na ndipo kifundo kinapogeuka. Mpira wa wanawake ni gramu 140 hadi 151. Kama mazoezini anatumia wa wanaume, unaoanzia karibu 156, abadilishe sasa hivi, maana vidole vinazoea uzito na siku ya kwanza atakuwa anaupitiliza.

Mzigo wa ova (ova moja ni mipira sita) nao aupandishe polepole wiki hadi wiki. Warushaji vijana wanaovunjika mfupa wa kiuno wengi wao waliruka kutoka ova chache kwenda nyingi ghafla.

OvaYaMwisho
Somo zuri hilo, lakini mtoa mada hajajibu. Kaunti gani? Viza gani?

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Wakala alisema suala la viza tumwachie yeye.

Mzawa_Leicester
Viza ndiyo uzi wenyewe, kaka. Fomu imeandikwaje? Mchezaji au mgeni?

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Sawa, niseme yote. Ni viza ya mgeni, ya miezi sita. Wakala anasema akifika ataanza na klabu ya wikendi, atapewa chumba na fedha mkononi, halafu kaunti watamchukua katikati ya msimu. Barua ya ofa ipo, ya timu ya kanda: pauni 3,000 kwa mwezi, na kwenye T20 anahakikishiwa ova 6 kila mechi. Tumeshalipa milioni 2.8 ya usajili. Na chuo, ukweli ni kwamba ameacha kuhudhuria tangu barua ilipokuja.

Msinirukie. Watu wengi wanaingia hivyo hivyo na wanacheza. Klabu siyo serikali, nani atamfuata uwanja wa kijijini kumuuliza karatasi? Nafasi kama hii binti wa kwetu haipati mara mbili.

Mzawa_Leicester
Kaka, nakujibu kwa upole maana naona unampenda mdogo wako. Mgeni anaruhusiwa kuchezea klabu kama mridhaa tu. Na sheria ya uhamiaji ya Uingereza haiangalii tu kama amewahi kulipwa. Mtu aliyeiwakilisha nchi yake ndani ya miaka miwili iliyopita, hata timu ya vijana kuanzia chini ya miaka 17, anahesabiwa mchezaji wa kulipwa. Mdogo wako yumo, hata kama jezi ya taifa haijawahi kumpa senti. Malipo ya vitu pia ni malipo: chumba cha bure, tiketi, chakula.

Hakuna haja ya kumfuata kijijini. Matokeo ya mechi za klabu yanawekwa mtandaoni kwa majina, ova kwa ova. Afisa wa uwanja wa ndege akitafuta jina lake atakuta mechi za taifa, na ndani ya begi viatu vya njumu. Anarudishwa kwa ndege inayofuata. Na fomu ikibainika ilidanganya kuhusu sababu ya safari, adhabu ni kukataliwa viza kwa miaka 10. Ana miaka 21. Piga hesabu ya mrushaji atakayefungiwa hadi 31.

Mama_Makambako
Ee Mungu wangu. Na chuo ameacha kimya kimya. Kesho asubuhi aende akaripoti, mwanangu, kabla majina ya watoro hayajapelekwa mbele.

Mpekuzi_Ilala
Wakuu samahani, hii ni chai. Tunapoteza muda. Someni tena. Kwenye T20 mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 4, ni moja ya tano ya ova 20 za kila upande. Mtu ambaye dada yake kachezea taifa anaandika ova 6 bila kushtuka? Timu za kanda zimekufa baada ya msimu wa 2024, kasema OvaYaMwisho hapo juu. Na pauni 3,000 kila mwezi kwa miezi sita ni 18,000, karibu mshahara wa mwaka mzima wa anayeanza, kwa mrushaji ambaye kule hawajamwona hata kwenye majaribio. Hadithi imetungwa na mtu asiyejua kriketi. Mods fungeni.

MkekaNaNyasi
Hata mimi ova 6 zilinikwama kooni. Mtoa mada ulizipata wapi?

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Mimi sichezi kriketi, mimi ni fundi friji. Nimenakili barua kama ilivyo. Mdogo wangu nilipomsomea aliuliza kuhusu hizo ova, wakala akamwambia kule sheria ni tofauti. Naapa sijatunga kitu. Ningekuwa natunga nisingesema milioni 2.8 zimeshaondoka.

OvaYaMwisho
Mpekuzi, umekamata kitu sahihi kwa mtu asiye sahihi. Chai ni barua. Aliyeiandika hajui T20, na hajui kwamba kanda hazipo. Sheria siyo tofauti kule: T20 ni ova 4, mechi ya ova 50 ni ova 10, na kwenye The Hundred, ligi ya mipira 100 kila upande, ni mipira 20. Mdogo wako alikuwa sahihi kushtuka, na ndiye aliyepaswa kusikilizwa.

Mpekuzi_Ilala
Kama ndivyo, namwomba radhi mtoa mada. Barua ina namba ya cheti cha udhamini?

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Haina. Ina nembo na sahihi.

Mzawa_Leicester
Basi hiyo siyo ofa. Mchezaji wa kulipwa anaingia kwa viza ya mwanamichezo wa kimataifa. Kwanza bodi ya kriketi ya England, ECB, inatoa idhini, na vigezo vyake vinaangalia kiwango na mechi alizocheza. Halafu timu yenye leseni ya udhamini inatoa cheti chenye namba, na namba hiyo ndiyo inayoingia kwenye fomu. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, unaipakua bure na kutafuta jina la timu. Fanya hivyo leo usiku. Kisha waandikie hao wenye nembo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, siyo iliyo kwenye barua.

OvaYaMwisho
Na muulize wakala swali moja tu: barua ya TCA, chama cha kriketi Tanzania, ya kutokuwa na pingamizi iko wapi? Mchezaji wa nchi moja akienda kucheza ligi ya nchi nyingine, chama chake kinatakiwa kuridhia. Wakala wa kweli hatozi mchezaji ada ya usajili kabla ya mkataba, anakata asilimia baada ya mchezaji kulipwa.

Usiweke ndoto chini, lakini iweke kwenye njia yake. Wachezaji wa nchi ndogo za kriketi wanafika. Kathryn Bryce wa Scotland amecheza The Blaze na akafika ligi ya India. Tara Norris alichezea Marekani huku akiwa kwenye ligi ya England, na 2023 akawa wa kwanza kuchukua wiketi tano kwenye mechi moja ya ligi ya India ya wanawake, WPL. Kule timu inaruhusiwa kuchezesha mgeni wa tano uwanjani kama mmoja wao anatoka nchi isiyo mwanachama kamili wa ICC, baraza la kriketi la dunia. Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Wanaotafuta wachezaji wanaangalia takwimu za mechi za taifa, kwa hiyo wiketi zake za Kwibuka na za mechi za kufuzu ndizo barua yake ya maombi. Arekodiwe video, mechi nzima siyo vipande vizuri tu, kamera nyuma ya mrushaji ili mshono uonekane.

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Nimesoma yote. Nimempigia wakala, anasema fedha hairudi na kwamba nyinyi mna wivu. Bado roho inanivuta, siwezi kudanganya. Mdogo wangu analia chumbani. Nikiwaandikia TCA wakikaa kimya je?

Mama_Makambako
Usiwaandikie tu, nenda na barua mkononi, upewe nakala yenye muhuri. Miamala ya simu ya hizo milioni 2.8 ichapishe, peleka polisi pamoja na barua ya ofa, uombe RB. Na chuoni mfuate mwenyewe kama mlezi, naye awepo.

MkekaNaNyasi
Akimaliza kulia mwambie arudi nyavuni. Ova nne, mpira wa gramu 140, urefu wa mbele. Kama ana kocha wa timu ya taifa, amwonyeshe barua hiyo kabla hajamwonyesha mtu mwingine, maana wakala huyo atakuwa ameshapita kwa wenzake.

KakaWaUpanga (mtoa mada)
Ameniambia sasa hivi. Wenzake wawili wa timu wana barua hiyo hiyo, nao wameahidiwa ova 6.